Betri mbili ndani ya miezi kumi na minne: natafuta kinachokula chaji gari likiwa limezimwa

Mwanzisha uzi (Uyole, Mbeya), Jumatano usiku

Ndugu wanajamvi, nawasalimu kutoka Uyole, ambako tangu Juni iingie tunaamka na baridi ya kuumiza vidole, na ambako Jumatatu hii, kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, majirani wametoka na mablanketi mabegani kunisaidia kusukuma gari.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, la mwaka 1998, injini ya petroli ya cc 1500, lina klachi, ndiyo maana husukumika. Betri yake ni ya saizi ya NS60, yaani ampea-saa 45. Nilinunua mpya Machi mwaka jana, ikafa. Nikanunua nyingine Mei mwaka huu, na hii haijatimiza miezi miwili, nayo imeanza kulala. Nimekwishatumia zaidi ya shilingi laki tatu kwenye betri peke yake, na kinachoniuma zaidi ya fedha ni kwamba gari hili ndilo linalompeleka mama yangu kliniki ya shinikizo la damu, ambayo huwa Jumatatu.

Nimeonana na mafundi watatu. Wa kwanza alisema nimeuziwa betri mbovu. Wa pili aliwasha injini, akachomoa kichwa cha hasi cha betri huku injini ikiunguruma, na kwa kuwa haikuzima akaniambia alternata, ile inayoichaji betri injini ikiwaka, ni nzima, nisiwe na wasiwasi. Wa tatu alishauri tufumue waya zote za gari na kusuka upya, kwa shilingi laki nne. Hakuna hata mmoja wao aliyepima kitu chochote kwa mita, na hilo ndilo lililonifanya nisite.

Kuna jambo moja nimeligundua mwenyewe na sijui kama lina maana. Siku za kazi gari huwaka, ingawa stata huzunguka kwa uzito. Likigoma, hugoma Jumatatu, baada ya kulala tangu Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Nimejiuliza: kama betri ingekuwa imekufa kweli, ingewezaje kujua kwamba leo ni Jumatatu? Ninaomba mwenye uzoefu anielekeze namna ya kutafuta chanzo kwa utaratibu. Mita ya umeme ninayo, ile ndogo ya bei nafuu, niliinunua Mwanjelwa.

Mchangiaji (Makambako)

Pole sana, kaka. Mimi tatizo kama hilo nililimaliza kwa kuchomoa kichwa cha hasi kila jioni ninapoegesha. Mwaka wa pili sasa, betri ni ileile. Spana namba 10 inakaa mlangoni.

Fundi mstaafu wa umeme wa magari (Ipogolo, Iringa)

Kijana wangu, umeuliza vizuri, nami nitakujibu kwa urefu, kwa sababu jambo hili limewagharimu watu wengi betri zisizo na kosa.

Nianze na hilo la Jumatatu, kwa maana ndilo lenye jibu. Kitu kinachonyonya chaji hakipumziki. Ukiegesha usiku mmoja kinachukua kidogo, asubuhi unasafiri, alternata inarudisha sehemu ya kilichochukuliwa. Ukiegesha saa sitini mfululizo hakuna kinachorudishwa. Kwa hiyo gari lako halina ugonjwa wa kuwaka. Lina ugonjwa wa kulala. Baridi nayo huongeza. Betri inapokaribia nyuzi sifuri hupoteza kiasi cha theluthi moja ya nguvu yake ya kuzungusha stata, na wakati huohuo oili ya injini huwa nzito, hivyo stata inataka nguvu nyingi zaidi kutoka kwa betri inayotoa kidogo zaidi. Ndiyo maana upungufu ambao Februari hukuuona, Juni unakusimamisha barabarani.

Ushauri wa ndugu wa Makambako haumalizi tatizo, lakini unafaa sana kama kipimo. Fanya hivi kwanza: peleka betri ikachajiwe mpaka ijae, iache itulie saa kadhaa, kisha pima volti zake. Betri iliyojaa na kutulia husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 imebaki na kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na chini ya 12.0 haina kitu. Iache usiku kucha ikiwa imefunguliwa kichwa cha hasi. Asubuhi pima tena. Ikiwa imeshuka sana bila kuunganishwa na chochote, betri ndiyo mbovu, na hakuna haja ya kuhangaika na waya. Ikiwa imebaki palepale, betri haina hatia, mla chaji yumo ndani ya gari.

Naomba nikemee jambo moja kwa dhati. Kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka ili kupima alternata ni desturi mbaya, na ninasema hivyo nikiwa mtu niliyeifanya kwa miaka ya mwanzo ya kazi yangu, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Betri ndiyo inayotuliza volti za alternata. Ukiitoa ghafla, volti huruka juu kwa kitambo kifupi sana, na kitambo hicho kinatosha kuua daiodi za alternata, regyuleta inayodhibiti volti zake, au kompyuta ya injini. Tena kipimo chenyewe hakithibitishi lolote zaidi ya kwamba alternata inatoa umeme kiasi fulani. Asikufanyie mtu tena.

Betri ikithibitika kuwa nzima, nijulishe, nikueleze namna ya kupima mnyonyo wenyewe.

Mchangiaji (Tukuyu)

Naomba kuongezea kwa faida ya sisi wa mvua nyingi. Kabla ya yote, tazama mgongo wa betri. Mchanganyiko wa vumbi, unyevu na mvuke wa asidi hutengeneza utando unaopitisha umeme kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye kichwa cha hasi, na ncha nyekundu uiburuze polepole juu ya plastiki ya betri, pasipo kugusa chuma. Betri safi haitasoma kitu cha maana. Ya kwangu ilisoma zaidi ya volti 2 kwenye plastiki tupu. Niliiosha kwa magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji ya vuguvugu, huku vifuniko vya seli vikiwa vimekazwa ili maji yale yasiingie ndani, nikaisuuza na kuikausha.

Mwanzisha uzi, Ijumaa asubuhi

Shikamoo mzee wangu wa Ipogolo, na asante sana kwa muda wako. Asante pia ndugu wa Tukuyu.

Mgongo wa betri ulikuwa na vumbi, nikauosha kama ulivyoelekeza, ingawa mita ilisoma volti 0.3 tu kabla ya kuosha, kwa hiyo sidhani kama hapo ndipo penye tatizo. Betri ilichajiwa Jumatano usiku hadi Alhamisi mchana. Alhamisi saa mbili usiku ilisoma volti 12.68. Nililala nayo ikiwa imefunguliwa kichwa cha hasi. Leo saa kumi na mbili asubuhi imesoma 12.66, na gari limewaka mara moja, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nilipoinunua Mei.

Betri ni nzima, basi. Nasubiri maelekezo.

Fundi mstaafu (Ipogolo, Iringa)

Marahaba, kijana wangu. Sasa tuingie kazini.

Mita hupimia mkondo kwa kupitishiwa mkondo wenyewe, haigusishwi huku na huku kama unapopima volti. Hamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10. Usianzie kwenye tundu la miliampea, kwa sababu fyuzi ndogo iliyomo ndani ya mita yako huenda ni ya miliampea 200 tu, na ikikutana na mkondo mkubwa itakatika, kisha mita itakuonyesha sifuri na wewe utadhani gari limepona. Na ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti hapohapo. Tundu la ampea 10 kwenye mita nyingi za bei nafuu halina fyuzi kabisa. Siku utakaposahau na kugusa vichwa viwili vya betri kana kwamba unapima volti, utakuwa umeunganisha betri na waya mtupu, na waya huo utayeyuka mkononi mwako.

Zima kila kitu, toa ufunguo. Fungua boneti. Ule mlango ulio karibu na boksi la fyuzi uache wazi, lakini swichi yake iliyo kwenye nguzo ibonyeze ndani na kuifunga kwa tepu, ili gari liamini mlango umefungwa. Toa na balbu ya buti. Kisha fungua kichwa cha hasi, ncha moja ya mita iguse kichwa cha betri na nyingine iguse waya ulioutoa. Subiri dakika kumi na tano au ishirini bila kugusa kitu, maana baadhi ya vifaa huamka unapounganisha na huchukua muda kulala. Ndipo usome.

Gari la umri wa lako halipaswi kuzidi ampea 0.05, na mengi hukaa kati ya 0.02 na 0.03, kwa ajili ya saa, kumbukumbu ya redio na kompyuta ya injini. Ukikuta zaidi ya hapo, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku ukitazama mita. Anza na boksi la ndani, halafu la kwenye injini. Fyuzi itakayoshusha namba ndiyo inayoelekea kwa mwizi. Ila usiwashe injini, wala usijaribu stata, wakati mita imo njiani.

Andika namba zote. Usitegemee kichwa.

Mchangiaji (Mafinga)

Kuhusu buti, kuna njia nyepesi. Weka simu ndani ya buti ikirekodi video, funga, hesabu mpaka kumi, fungua. Ukiona mwanga kwenye video, swichi imekwama. Kwangu ndiko tatizo lilikokuwa.

Mwanzisha uzi, Jumamosi jioni

Mzee wangu, na nyote mlioko hapa, naandika nikiwa na mikono yenye grisi, lakini nimefurahi kupita kiasi.

Nilianza saa moja asubuhi, kukiwa bado na ukungu. Nilifanya kila kitu kama ulivyosema. Mara tu nilipounganisha, mita iliruka hadi ampea 1.9, nikaogopa, kisha ikashuka polepole. Baada ya dakika ishirini ilitulia kwenye 0.64 na haikusogea tena.

Nilikaa chini nikapiga hesabu kabla ya kuendelea, kwa sababu nilitaka kujua kama namba hiyo inaweza kueleza Jumatatu zangu. Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 60. Zidisha kwa 0.64 unapata ampea-saa 38.4, kutoka kwenye betri ya ampea-saa 45, na hiyo ni pale inapokuwa imejaa. Usiku mmoja wa saa kumi na mbili ni ampea-saa 7.7 tu, ambazo betri inaweza kuzistahimili. Kwa kweli nilishusha pumzi. Mwaka mzima nimekuwa nikiwashuku wauza betri, kumbe hesabu ilikuwa wazi namna hii.

Boksi la ndani, chini ya usukani upande wa kulia, lina fyuzi nyingi kuliko nilivyodhani. Nilichomoa ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna kilichobadilika. Nilipofika kwenye ile iliyoandikwa DOME kwenye kifuniko, namba ilidondoka kutoka 0.64 hadi 0.18. Nikairudisha, ikapanda. Nikaichomoa tena, ikashuka. Kwenye gari langu fyuzi hiyo inalisha taa ya ndani, saa, na kumbukumbu ya redio. Taa ilikuwa imezimika, saa haiwezi kula kiasi hicho, ikabaki redio.

Redio hii si ya gari. Niliifungiwa mwaka juzi na fundi wa redio, pamoja na kikuza sauti kidogo kilichowekwa chini ya kiti cha abiria. Niliingiza mkono chini ya kiti. Gari zima lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, vyuma vyote vilikuwa vya kuganda, lakini boksi la kikuza sauti lilikuwa vuguvugu. Redio ilikuwa imezimwa tangu jana jioni.

Nikavuta redio kutoka kwenye dashibodi. Nyuma yake kuna waya wa njano, ambao hutakiwa kuwa na umeme muda wote kwa ajili ya kumbukumbu, na waya mwekundu, ambao hutakiwa kupata umeme pale tu ufunguo unapowekwa hatua ya kwanza. Nilikuta wote wawili wamesokotwa pamoja na kufungwa tepu nyeusi, kisha kuunganishwa kwenye umeme wa kudumu. Kwa maana hiyo redio haikuwahi kulala tangu siku ilipofungwa. Nikibonyeza kitufe cha kuzima, kioo kilizimika, lakini ndani ilibaki macho, na waya wa bluu unaotoka kwenye redio kwenda kukiamuru kikuza sauti kiwake ulibaki na umeme usiku na mchana. Kikuza sauti chenyewe kina waya wake mnene wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, lakini kinamtii yule wa bluu, ndiyo sababu kuchomoa fyuzi ya DOME kulikizima nacho.

Nimetenganisha waya mwekundu na kuuhamishia kwenye mstari wa kiwashio cha sigara, ambao hufa ufunguo unapotolewa. Nimepima tena: 0.18.

Hapo ndipo ninapohitaji msaada. Nimechomoa fyuzi zote za ndani na zile ndogo za kwenye boksi la injini, na 0.18 haijatikisika. Kwa saa 60 hiyo ni karibu ampea-saa 11, robo ya betri. Gari pengine litawaka Jumatatu, lakini sitaki kuishi na pengine. Umeme huu unapita wapi ikiwa fyuzi zote ziko mezani?

Mchangiaji (Makambako)

Kaka, hongera sana. Nimesoma hadi mwisho na leo nimeazima mita kwa jirani.

Fundi mstaafu (Ipogolo, Iringa)

Umefanya kazi safi, na umefanya vizuri kutoridhika na ushindi wa kwanza. Wengi huishia hapo. Wanapata mwizi mmoja, wanafunga boneti, na baada ya miezi minane betri imekufa tena, wanarudi kusema fundi aliwadanganya.

Swali lako lina majibu machache. Ukishachomoa fyuzi zote ndogo, kinachobaki ni zile njia nene zisizopita humo: waya wa stata, na waya wa alternata, ule unaotoka kwenye nguzo iliyoandikwa B nyuma ya alternata na kurudi kwenye betri kupitia fyuzi kubwa. Stata ni nadra kuvuja. Alternata ni kawaida.

Fungua kichwa cha hasi cha betri kwanza. Hili usilisahau, kwa maana nguzo ya B ina umeme muda wote hata ufunguo ukiwa jikoni, na spana yako ikigusa nguzo na bodi kwa pamoja utaona moto. Kisha fungua nati ya nguzo ya B, toa waya, zungushia kichwa chake tepu ya umeme tabaka tatu ili kisiguse chuma. Chomoa na plagi ndogo ya alternata. Rudisha mita mahali pake, subiri, soma.

Mchangiaji (Mafinga)

Mzee, samahani kwa kuingilia. Alternata yake si inachaji? Alternata inayochaji inawezaje kuwa mbovu? Na kama ni daiodi, si angepima tu volti za AC kwenye betri injini ikiwaka? Nimesikia zikizidi nusu volti, daiodi ni mbovu.

Fundi mstaafu (Ipogolo, Iringa)

Hujaingilia, mwanangu, ni swali la msingi.

Wenye visima wanajua ile valvu ya kwenye bomba la pampu inayoruhusu maji kupanda na kuyazuia yasirudi. Daiodi ndiyo valvu hiyo. Ndani ya alternata zipo sita au zaidi, na kazi yake ni kugeuza umeme wa alternata uende upande mmoja tu, kuelekea betri. Valvu ikichakaa kidogo, pampu ikiwa inafanya kazi hutaona tofauti, maji yatapanda na tangi litajaa. Shida huja pampu ikizimwa, maji yanaporudi chini polepole usiku kucha. Kwa hiyo inawezekana kabisa alternata ikasoma volti 14 mchana na kunyonya betri usiku. Ikiwa uvujaji ni mkubwa, ampea mbili tatu, ukiishika asubuhi ya baridi utaikuta ina joto, kama alivyokikuta kikuza sauti chake. Kwa 0.18 mkono hautahisi kitu.

Kuhusu volti za AC, kanuni unayoitaja ni sahihi, lakini naiogopa kwa mita za bei nafuu. Nyingi zinapowekwa kwenye AC hazizuii umeme wa DC usiingie, kwa hiyo ukizigusisha kwenye betri zinaweza kukuonyesha volti 28 kwa betri nzima kabisa, au sifuri ukigeuza ncha. Jaribu kwenye betri iliyofunguliwa: ikionyesha chochote kwenye AC, mita hiyo haifai kwa kipimo hicho. Kufungua waya wa B hakuhitaji mita ya gharama.

Mwanzisha uzi, Jumapili mchana

Mzee wangu, nimejaribu mita yangu kwenye AC ikiwa kwenye betri iliyofunguliwa, ikasoma 27. Ningelikuwa nimetangaza alternata mbovu kwa ushahidi wa uongo.

Kuhusu waya wa B: nati yake ilikuwa imeshika kutu na ilinichukua nusu saa nzima na mafuta ya kulainishia. Nilifunga tepu, nikachomoa plagi, nikarudisha mita, nikaenda kunywa chai ili nisiwe na kiherehere cha kuitazama kila sekunde. Niliporudi ilisoma 0.02.

Nikarudisha waya wa B peke yake, plagi ikiwa bado nje: 0.17. Nikatoa: 0.02. Nimerudia mara tatu na kila mara ni vilevile. Namwandikia mama yangu ujumbe sasa hivi, ingawa najua hataelewa ni kitu gani kimenifurahisha.

Siwezi kusema ni nani au ni nini kilichoiharibu daiodi. Gari lina zaidi ya robo karne. Lakini nakumbuka kwamba fundi yule wa pili alichomoa kichwa cha betri injini ikiunguruma si mara moja, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilimwambia sijaona vizuri. Laiti ningejua.

Mwanzisha uzi, Jumatatu ya wiki iliyofuata

Natoa mrejesho, maana najua inavyokera kusoma uzi mrefu usiokuwa na mwisho.

Jumanne niliipeleka alternata kwa fundi wa alternata na stata, Mwanjelwa, ikiwa imeshafunguliwa, nikamwomba aipime mbele yangu kabla ya kubadili chochote. Alifungua kifuniko cha nyuma, akatoa sahani ya daiodi, akapima kila daiodi kwa mita, pande zote mbili. Moja kati ya zile za upande wa chanya ilikuwa ikipitisha kidogo upande usiotakiwa. Kwa macho haikuwa na alama yoyote, wala kuungua, wala ufa. Alibadili sahani yote, na kwa kuwa brashi zilikuwa zimebaki fupi akabadili nazo. Gharama yote haikufika hata theluthi ya bei ya betri moja.

Nilifunga mwenyewe Jumanne jioni. Injini ikiwaka inasoma volti 14.2, na ikizimwa, kila kitu kikiwa kimerudi mahali pake pamoja na redio, mita inasoma ampea 0.03. Niliegesha Ijumaa saa kumi na mbili jioni kama kawaida, na kwa makusudi sikuligusa gari mpaka leo. Leo alfajiri kulikuwa na umande mzito juu ya kioo, na betri ilisoma 12.61. Stata ilizunguka mara mbili, injini ikashika. Mama yuko kliniki, na naandika haya nikiwa nje ninamsubiri.

Ndugu wa Makambako, ulipima?

Mchangiaji (Makambako)

Nilipima, kaka. Ampea 0.31. Nimefika fyuzi ya saba, giza likaingia. Kesho naendelea.

Mchangiaji (Njombe)

Nimesoma uzi wote, hongereni. Mimi nina pikapu ya dizeli, betri ya N70, inalala kila baada ya siku tatu. Nimeambiwa rilei ya hita plagi, yaani swichi ya umeme ya zile plagi zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha, imeganda, nibadili. Ni kweli?

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Njombe, mzee wa Ipogolo atanisahihisha nikikosea, lakini jaribu hesabu kwanza. Hita plagi moja hula kama ampea 10, na injini ya silinda nne inazo nne. Rilei ikiganda zote zikabaki zinawaka, ni ampea 40, na betri ya ampea-saa 70 haitamaliza hata saa mbili. Yako inafika siku ya tatu. Saa 72 kwa ampea-saa 70 ni mnyonyo wa karibu ampea 1, kwa hiyo unatafuta kitu kidogo kuliko hicho ulichoambiwa.

Fundi mstaafu (Ipogolo, Iringa)

Hajakosea. Usinunue rilei. Fanya kama alivyofanya mwenzako, kwa utaratibu uleule, na kabla hujachomoa fyuzi yoyote, andika hapa namba ya kwanza uliyoisoma.